Mwalimu Aliyeingiza Jembe Kwenye Somo la Michezo

Saa mbili asubuhi, na Mwalimu Celestina Kokulinda ameshaing'ata filimbi kana kwamba itamtoroka. Ametoka kuchora mistari ya uwanja kwa majivu ya jikoni la shule. Kanga ameifunga kiunoni juu ya suruali ya mazoezi, lakini macho yake hayako kwenye mistari. Yako kwa watu.

Watu wamekuja mapema mno. Wazazi wa hapa Buswelu, ambao kikao cha kawaida hukifikia wakati wa kufunga, leo wamewahi kabla ya kengele. Tena hawakusimama pamoja. Kundi moja liko upande wa madarasa, jingine upande wa shamba la pamba lililokwisha vunwa, na katikati ni uwanja mtupu. Wanaume kadhaa wameshika fimbo ambazo, kwa kweli, hakuna ng'ombe wa kuchunga nazo hapa.

"Unawaona?" anamnong'oneza mwandishi wa makala haya. "Hapo hakuna mtu aliyekosea mahali pa kusimama. Kila mmoja anajua upande wake. Aliyekuwa hajui ni mimi peke yangu."

Leo bodi ya shule itatazama somo moja la kidato cha pili, kisha itaingia ofisini kuamua. Ama mtaala wa elimu ya viungo ambao Kokulinda ameutengeneza kwa miaka miwili utabaki kwenye ratiba, ama utafutwa na vipindi vyake vitakwenda kwa uchapaji na utunzaji wa hesabu. Ukifutwa, naye safari imemkuta. Shule hii imejengwa kwa nguvu za wazazi, na wazazi hawana mshahara wa mwalimu wa kukaa bure.

Kokulinda ana miaka thelathini na sita. Amezaliwa Muleba, mkoani Kagera, kwenye migomba na kahawa, akasomea ualimu wa michezo, na mwaka 1989 akavuka kuja Mwanza. Alipokabidhiwa somo alipewa na kitabu cha kufundishia. Kitabu kilimtaka awe na magodoro ya sarakasi, kamba za kupandia na farasi wa mbao wa kuruka.

"Farasi wa mbao!" anasema, na hasira yake haijapoa mpaka leo. "Madawati yenyewe wanakaa wanne wanne. Nikajiuliza, miili ya watoto hawa inafanya nini tangu wanapoamka? Inalima, inachota maji, inavuta nyavu. Basi, nikasema, somo lianzie hapo."

Akaanza kuandika upya. Kidato cha kwanza wajifunze kupumua, kusimama, na kubeba mzigo bila kuumiza mgongo. Kidato cha pili nguvu na mdundo, kwa jembe na ngoma. Kidato cha tatu kuogelea na kumwokoa mtu ziwani, maana ziwa liko hapo chini na watoto wengi wa pwani yake hawajui kuogelea. Kidato cha nne kila mwanafunzi atunge somo lake na kuwafundisha wenzake.

Wazazi hawakumpigia makofi. Hizi ni zama za soko huria, jamani. Pamba inanunuliwa na kila mwenye mizani, viwanda vya minofu ya samaki vinatafuta makarani, na mzazi anayelipa ada anataka kuona cheti kinachouzika. Mzazi mmoja alisimama kikaoni mwaka jana akauliza swali ambalo bado linachekesha watu sokoni: "Nilipe ada ili mtoto aje kulima? Jembe si liko nyumbani, tena bure!"

Hilo Kokulinda alilivuka. Lililomkwamisha ni kosa lake mwenyewe.

Mwaka jana, baada ya mavuno, alikwenda Misungwi kutazama mashindano ya ngoma. Usukumani kuna jamii mbili kubwa za wachezaji, Wagika na Wagalu. Siku ya mashindano hucheza kwa wakati mmoja, kila upande na uwanja wake, na watazamaji hukimbilia wanakovutwa. Mwenye watu wengi ndiye mshindi. Mwalimu wetu akaona amepata dawa ya tatizo lake. Hana saa ya kupimia wala mizani, lakini kipimo hiki hapa!

Mwezi uliopita akaligawa darasa la kidato cha pili. Waliokaa upande wa dirisha wakawa kundi moja, waliokaa upande wa mlango kundi la pili. Akawapa majembe ya kuchezea ngoma, akawaita kidato cha kwanza wawe watazamaji, akapuliza filimbi. Watoto walicheza, anasema, kwa bidii ambayo hawajawahi kuionyesha darasani.

Kumbe ukoo una upande wake, na upande hurithiwa. Pia kila upande, watu husema, una dawa zake za kuvuta watazamaji na za kumwangusha mshindani. Mcheza kwao hutunzwa. Kokulinda alikuwa akicheza ugenini, na aliwachanganya watoto wa Wagika na wa Wagalu kama anayechanganya mchele na choroko.

Kwa nini hawakumwambia? Chenge, mvulana mrefu wa kidato hicho, anashangaa hata kuulizwa. "Mwalimu akisema simama pale, unasimama pale," anajibu.

Kesho yake alikuja Mzee Malimi. Huyu ni mjumbe wa bodi, lakini kabla ya hapo ni manju, yaani kiongozi wa ngoma na mtunzi wa nyimbo, na ni Mgika wa kuzaliwa. Binti yake, Tereza, ndiye aliyeng'ara siku ile, akiwa kwenye kundi ambalo watoto wenyewe walikwisha lihesabu kuwa la Wagalu.

"Alisimama mlangoni pa darasa, hakuitikia hata shikamoo yangu," anasimulia Kokulinda. "Akasema, binti yangu amewashindia watu wale wale waliomroga babu yake!"

Wiki iliyofuata Tereza akaugua. Zahanati ilisema malaria. Mtaani walisema ni jembe lililotiwa dawa. Wavulana wawili wakapigana kisimani, mmoja akapasuka kichwa, na hapo bodi ikaitisha kikao. Kokulinda aliahidi kwamba hapatakuwa na mashindano tena, mazoezi tu, na leo ndiyo siku ya kuonyesha.

Filimbi inalia.

Wanafunzi wanaingia uwanjani. Mbele yao majembe yamelazwa mstari mmoja, kando ya mahali panapotakiwa kuchimbwa shimo la kurukia miruko mirefu. "Shikeni majembe!" anaamuru Kokulinda.

Hakuna anayeinama.

Anapuliza tena. Watoto wanatazama chini. Taratibu, bila mtu kuwaambia, wanaanza kusogea, wengine kuelekea madarasani na wengine kuelekea shamba la pamba, mpaka mstari unapasuka katikati. Mwishowe Chenge ananyoosha mkono.

"Samahani, mwalimu. Haya majembe yalikuwa stoo. Nani aliyashika?"

Minong'ono inapanda pande zote mbili. Mwanaume mmoja mwenye fimbo anakanyaga mstari wa majivu, na wa upande wa pili wanajibu kwa kusogea nao. Mkuu wa shule, Mwalimu Elias, anakagua viatu vyake. Mwandishi wa makala haya naye, tusifichane, alikuwa ameshatafuta njia ya kutokea.

Kokulinda anaiachia filimbi idondokee kifuani. Anainama, anaokota jembe la mwisho la mstari, mojawapo ya yale yale yaliyoulizwa, na anaanza kulima.

Analima vibaya. Loo, analima vibaya! Jembe analipandisha hadi kifuani tu na kulishusha kwa kudonoadonoa, mgongo umepinda, na udongo mkavu unamcheka. Halafu sauti ya mama mmoja inatoka upande wa madarasa.

"Huyo analima au anatafuta senene wa kukaanga?"

Upande wa shamba la pamba haukubali kupitwa. "Mwacheni, anapalilia migomba ya kwao!"

Kicheko kinalipuka pande zote mbili kwa pamoja. Kokulinda hanyanyui kichwa. Anainua jembe juu zaidi, kwa hasira sasa, na pigo linalofuata linapita karibu kabisa na kidole gumba cha mguu.

"Mwalimu, utajikata!" Ni Tereza. Ameshachomoka kundini. "Panua miguu. Jembe likipanda vuta pumzi, likishuka itoe."

"Tereza!" Baba yake amesimama kwenye viti vya bodi. "Rudi hapa!"

Kicheko kinakatika. Binti anaganda katikati ya uwanja, watu wote wakimtazama.

"Baba, ataumia," anasema.

Kisha anaokota jembe la pili na kusimama kando ya mwalimu wake. Wanapiga mara ya kwanza, ya pili, na Kokulinda anaanza kumfuata. Chenge anajitokeza. Msichana mwingine anafuata, halafu wawili, halafu wanakuja kama siafu. Hawachagui mahali pa kusimama kwa sababu mstari ni mmoja tu. Hakuna ngoma inayopigwa. Mdundo ni pumzi zao wenyewe, na shimo linazama mbele yao. Yule wa fimbo anarudi nyuma ya majivu. Mzee Malimi hakai chini, lakini haiti tena.

Bodi inaingia ofisini. Dirisha la ofisi halina kioo, na mwandishi hana haya.

Mwenyekiti, Mama Wilhelmina, mfanyabiashara wa dagaa asiyependa maneno mengi, anampa Malimi nafasi ya kwanza. "Somo ni zuri," anasema mzee, na wajumbe wanageuka kumtazama. "Mwalimu ndiye hajui. Amechukua kitu chetu akakifanya mtihani bila kubisha hodi. Kama anataka tuelewane, awatenganishe. Wagika wacheze kwao, Wagalu kwao."

Kokulinda anaitwa kujibu. Miguu yake ina vumbi mpaka magotini.

"Baba, kutouliza nilikosea, na naomba radhi mbele ya wote," anasema. "Lakini kuwatenganisha, hapana. Nikifanya hivyo nitakuwa nimejenga shule mbili. Heri mlifute."

Kwa dakika hiyo mtaala wote uko mezani kama samaki anayesubiri kisu, na mwenye mtaala ndiye aliyetoka kutoa kisu. Mwalimu Elias anafumba macho.

"Sasa wewe Malimi unataka nini?" anauliza Mama Wilhelmina. "Maana mwanao tumemwona."

Mzee anajibu polepole. "Basi aje alime. Mvua za kwanza zikinyesha, aje shambani kwangu, na kwa manju wa Wagalu vile vile, akae mstarini na watu wazima toka asubuhi mpaka jembe liwekwe chini. Akimaliza msimu, aandike somo hilo, nami nitakaa naye. Akitupa jembe, mtaala ufutwe."

Wajumbe wanakubali kwa kunyoosha mikono. Mpaka mvua, vipindi vitaendelea.

Kokulinda anatoka nje na kuketi kwenye ngazi ya ofisi. Anafungua viganja. Malengelenge mawili yameshapasuka, la tatu limejaa maji.

"Mawe!" anashtuka kwa Kihaya, kama anayesema mama wee. "Hili ni shimo la kurukia tu. Msimu mzima itakuwaje?"

Mpango anao. Kuanzia Jumamosi hii atakuwa anakwenda shambani kwa kina Chenge, ambao ni Wagalu, kuuzoeza mgongo kabla ya mvua, na Jumapili baada ya misa kwa kina Tereza. Anaogopa, na anasema wazi kwamba anaogopa. Amewahi kuona watu wazima wa hapa wakilima. Hawapumziki.

Je, akishindwa katikati ya msimu?

Anafunika viganja kwa kanga. "Wakati mikono ya wajumbe bado iko juu niliwaomba wabadilishe sharti moja. Nikitupa jembe, wanifukuze mimi, mtaala waubakize. Mama Wilhelmina akauliza kama nina akili timamu. Nikamwambia aandike." Anasimama kwa kujivuta, maana kidato cha tatu wanamsubiri. "Ameandika."