Uzi wa Kijani Shavuni mwa Baba

Kitambaa kipya cha marekani kikiloweshwa kwa mara ya kwanza hutoa harufu ya uji uliochacha, kwa sababu ya wanga wa kiwandani unaotoka pamoja na maji. Nikiisikia harufu hiyo hata leo viganja vinaniwasha, maana ndiyo iliyotangulia kila kipigo nilichokula kwa mama katika kiangazi kile nilipokuwa darasa la tano, miaka ya themanini ilipokuwa ndiyo kwanza imeanza. Watu hupenda kusema kudarizi ni kazi ya utulivu, ya wanawake wanaokaa barazani wakiimba taratibu. Sijui hao walijifunzia wapi. Mimi nilijifunzia nyumbani kwetu, kijijini karibu na Ushirombo, katika nyumba ambayo kila aliyeweza kupiga alipiga, na aliyepigwa alitafuta wa chini yake. Nilikuwa mtoto wa pekee, kwa hiyo chini yangu hakukuwa na mtu ila kuku.

Mama alifundishwa sindano na masista wa misheni alipokuwa msichana, na jina la Mama Skola lilijulikana mpaka Kahama kwa mashuka ya maharusi. Wanawake wengine walijua mshono wa mnyororo na ule wa kujaza, wakatoa maua mekundu bapa yenye majani ya kijani. Mama alijua kuchora kwa sindano. Alivuta uzi mmoja mwembamba kutoka katika nyuzi sita zilizosokotwa pamoja, akapiga mshono mrefu, ukafuata mfupi, wa tatu ukachoma katikati ya uzi wa kwanza na kuupasua, hivyo hivyo, kahawia ikaingia ndani ya rangi ya asali mpaka usione ilipoanzia. Kazi aliyonianzishia ilikuwa jogoo. Alinituma nimkamate jogoo wetu, nimshike mapajani, nimtazame shingo mpaka nijue kila unyoya umelala upande gani. Uzi ufuate manyoya yalivyolala, alisema, si unavyotaka wewe. Nilipokosea alinipiga vifundo vya vidole kwa ile fremu ya mbao inayokaza kitambaa. Kisha aligeuza kazi akatazama nyuma yake, na akikuta fundo, alinipiga kwa ajili ya fundo.

Nilimchukia siku hizo, niseme wazi. Lakini nilijua pia hasira yake inatoka wapi, maana ilikuwa inarudi nyumbani kwa miguu yake yenyewe. Baba alikuwa mchimbaji. Pamba ikishavunwa alikwenda machimboni upande wa Geita, akarudi anapotaka. Akipata dhahabu alikunywa kwa furaha, akikosa alikunywa kwa hasira, na sisi tuliokuwa nyumbani hatukuona tofauti. Alimpiga mama kwa mkanda, kwa kuni, kwa sufuria yenye mboga ndani. Mama hakukimbilia kwao, kwa sababu kwao walishamrudisha mara nyingi mno akachoka kurudishwa. Asubuhi iliyofuata alikaa uani, jicho limevimba, akatunga uzi kwenye tundu la sindano kwa lile jicho jingine.

Jioni moja baba alirudi akakuta mama ana shuka la harusi mapajani na jiko halijawashwa. Hakupiga kelele. Kelele zake tulizizoea. Alimshika mama mkono wa kulia, sindano ikiwa bado vidoleni, akaulaza juu ya ukingo wa kinu, akachukua mchi. Nilisikia mifupa kabla sijasikia sauti ya mama. Kisha baba aliketi akangoja chakula, na mama akaenda kumpikia kwa mkono wa kushoto. Upande wa pili wa ua alikuwapo Baba Kulwa, jirani yetu, akichonga mpini wa jembe. Alikohoa kidogo, akaendelea kuchonga.

Fundi wa kuunga mifupa alimfunga mama vijiti na kamba za magome, akamwambia vidole vitapona ila asitegemee vitanyooka. Baba alikuwa ameshaondoka tena. Shuka lilikuwa la binti mmoja wa mtaa wa Nyahanga pale Kahama aliyekuwa akingoja kuolewa, na miaka ile madukani hapakuwa na kitambaa wala sabuni. Wazazi wake walikuwa wamelihangaikia shuka lile kama watu wanaotafuta dawa. Lisingeweza kurudishwa likiwa na jogoo asiye na mkia. Basi mama alinikalisha katikati ya magoti yake, mgongo wangu kifuani kwake, akatazama juu ya bega langu, nami nikawa mkono wake. Nilipokosea alinifinya. Nilipokosea tena alinipiga kwa mkono ule ule uliofungwa vijiti, akaumia yeye kuliko mimi, akalia, kisha akanipiga tena kwa kuwa alikuwa amelia. Ndivyo nilivyojifunza kupasua uzi bila kuukata, kubadilisha rangi bila kuacha mpaka, kuvuta mpaka kitambaa kikae na kuacha kabla hakijajikunja. Mkia wa jogoo ulipokwisha mama aligeuza shuka, akatazama nyuma kwa muda mrefu, akanirudishia bila kunipiga. Hiyo ndiyo shahada pekee niliyowahi kupewa.

Baba alirudi Jumapili moja watu wakiwa wametoka kanisani, akapitiliza kilabuni. Huko alifuatwa na mwenzake waliyekuwa wakichimba naye duara moja, yaani shimo lao la dhahabu, aliyesema baba ametoroka na mawe ya wote wawili. Sijui kama alitoroka nayo. Ninachojua ni kwamba yule mtu alikuwa na panga, na panga lilimpata baba chini ya sikio likashuka shavuni mpaka kidevuni. Wanaume walimleta nyumbani wamembeba juu ya mlango uliong'olewa kilabuni, Baba Kulwa akiwa mbele. Shavu lilikuwa limefunguka, meno yanaonekana kwa pembeni, na damu ilikuwa imelowesha mlango mpaka inadondoka kwenye miguu ya wabebaji. Mganga wa zahanati alikuwa amekwenda Kahama kufuata dawa. Lori la misheni lilikuwapo, petroli haikuwapo.

"Mama Skola, mshone," Baba Kulwa alisema. "Tukimpakia kwenye baiskeli atatuishia njiani."

Mama alitoa mkono wake wa kulia ndani ya khanga, akauinua wauone. Vijiti vilikuwa vimeshaondolewa, vidole vimepinda kuelekea kiganjani. Hakusema ameuvunja nani, na hakuna aliyeuliza.

"Na mtoto je?" mwanaume mmoja akauliza. "Si wanasema siku hizi anadarizi yeye?"

Wote wakanigeukia. Nilikuwa nimesimama mlangoni, na nataka msomaji ajue nilichokuwa nikikitaka: nilitaka afe. Nilitaka damu ile iishe yote pale uani, tuifukie kwa mchanga, tule. Nilimtazama mama nikaona naye anapima jambo lile lile. Hakuwa na haraka. Alimtazama baba jinsi alivyokuwa akitazama kazi yangu upande wa nyuma. Damu iliendelea kudondoka, na hakuna mwanaume aliyethubutu kumhimiza.

"Chemsha sindano," aliniambia hatimaye. "Na uzi. Usilete mwekundu, hutauona kwenye damu. Leta wa kijani."

Waliosha kidonda kwa gongo, baba akapiga yowe mpaka mbuzi wakakata kamba. Mmoja alimkalia miguu, wawili wakamshika mikono, Baba Kulwa akambana kichwa katikati ya mapaja yake. Mama alipiga magoti nyuma yangu kama tulivyozoea, kidevu chake begani kwangu. Ngozi ya mtu si kama kitambaa. Inakataa, inateleza, halafu sindano inapita kwa ghafla na unahisi mlio wake kwenye vidole. Nilianzia sikioni. Mama alinielekeza polepole sikioni mwangu: ingia hapa, tokea pale, funga, kata, anza mwingine, usivute sana. Nilipokosea hakunifinya. Baba alinilaani kwa Kisukuma na kwa Kiswahili, akaniita mbwa, akasema nikimaliza ataniua. Kila alipotukana nilichoma, na siwezi kusema sikuona raha.

Tulikuwa tumefika katikati ya shavu aliposema atamuua na mama pia, akipona tu, atamvunja na ule mkono uliobaki.

"Simama, Skola," mama alisema.

Nikasimama. Alinichukua sindano mkononi kwa vidole vyake vya kushoto, uzi wa kijani ukining'inia, akazunguka akachuchumaa mbele ya uso wa baba. Nusu ya shavu ilikuwa imefungwa, nusu bado iko wazi, inachuruzika.

"Apa," alimwambia. "Mbele ya hawa. Kwa jina la mama yako aliyekuzaa. Apa kwamba mkono wako hautanigusa tena, wala mimi wala huyu mtoto."

Baba alimtemea damu. Mama akajifuta kwa khanga, akabaki pale pale.

"Mama Skola, mtu anakufa," Baba Kulwa alisema.

"Hata mimi nilikuwa nakufa, Baba Kulwa. Ulikuwa unachonga mpini."

Nilimwona Baba Kulwa analegeza mapaja yaliyokibana kichwa cha baba, akaweka mikono yake chini. Wa miguuni naye akainuka, na wale wa mikononi wakamwachia. Sijui kama walipanga. Nadhani hawakupanga, waliona aibu tu kwa wakati mmoja. Baba akabaki amelala juu ya mlango ule bila mtu kumshika, na hakuweza kuinuka. Ndipo alipoogopa. Nilikuwa sijawahi kumwona akiogopa, na sura yake ilikuwa ya kawaida kabisa, sura ya mtu yeyote. Midomo yake ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu.

Aliapa. Alitaja jina la mama yake, akalirudia kwa sababu mama alisema hakusikia. Kisha mama alinirudishia sindano, akapiga magoti nyuma yangu, na nilishona nusu iliyobaki. Tulipofika kidevuni, ngozi ilipokuwa imechanika vibaya, aliniambia nifuate nyama ilivyolala. Nilifuata. Nyuzi zilipotolewa lilibaki kovu jembamba lililonyooka, na mganga wa zahanati alipoliona aliuliza nimesomea wapi.

Kiapo baba alikishika. Sitaki kumpunja: hakumgusa mama tena wala mimi, ingawa aliendelea kwenda machimboni na kunywa. Watu walianza kusema Baba Skola ametengemaa. Padri alimtolea mfano. Kilabuni aligeuza shavu kwenye mwanga ili wageni waone, akawaambia, "Hii ni kazi ya binti yangu," na wageni wakamnunulia. Panga lilimgeuza kuwa mtu wa kusimuliwa. Mama hakushika sindano tena. Mkono wake wa kulia aliuweka ndani ya khanga, kanisani, sokoni, hata kwenye harusi ya binti wa Nyahanga tulikoalikwa na kusifiwa kwa lile shuka, akaninong'oneza nipokee sifa mimi.

Sasa nina chumba cha kufundishia ushonaji Kambarage, mjini Shinyanga. Duka la pili kutoka kwangu lina mashine inayoendeshwa na kompyuta, inatoa jogoo kabla chai haijapoa, na jogoo huyo ni bapa kama yale maua ya zamani, lakini wateja wanamtaka. Wasichana wangu wanatazama mishono kwenye simu wakiwa wameegemeana, wanacheka, wanakula karanga juu ya kitambaa. Sijawahi kumpiga hata mmoja. Ukweli ni kwamba katika umri wao mimi nilijua kazi kuliko wao. Nyuma ya vitambaa vyao kuna mafundo ya kutia aibu. Nikiyaona naonyesha kwa kidole, nanyamaza. Mzazi mmoja aliwahi kuniambia niwe mkali kidogo ili wajue kazi vizuri, nikamwambia atafute mwalimu mwingine.

Mama alipofariki tulimwosha mimi na shangazi. Tulipofika kwenye mkono wa kulia nilijaribu kuvinyoosha vidole ili alale vizuri kama watu wengine. Nilivisugua kwa maji ya moto, nikavivuta kimoja kimoja. Vilikataa. Shangazi akasema tuache, tukamvika hivyo hivyo. Nje baba alikuwa amekaa kwenye kiti mbele ya waombolezaji, shavu lake limetulia, mshono haujajikunja popote, na watu walipanga foleni kumpa pole.