Siku Magamba Alipoonyesha Uso Wake

Saa moja na nusu asubuhi. Mpambaji anabandika kipande cha kwanza cha mpira kwenye paji la uso la mwigizaji. Vimebaki kumi. Mwigizaji, mwanamume wa miaka hamsini na minne, amefumba macho na hasemi kitu, maana midomo ikicheza gundi haishiki.

"Leo ndiyo mwisho wa kukunyamazisha," mpambaji anamwambia. "Kesho kaongee mpaka uchoke, kaka."

Kwa miaka kumi na mitatu watazamaji wamemjua kwa jina moja tu: Magamba, nahodha mwenye uso wa mjusi wa chombo kinachosafiri kati ya nyota, katika tamthilia inayorushwa kila Jumamosi jioni. Watoto mitaani huiga sauti yake. Yeye hupita katikati yao na mfuko wake wa mboga, na hakuna anayegeuka.

"Siku moja nilipanga foleni nyuma ya kijana aliyevaa fulana yenye picha yangu," anasimulia. "Akanikanyaga, halafu akaniambia niangalie ninaposimama."

Anaondoka kwa sababu ya ngozi. Gundi imemla mashavu, na daktari amempa machaguo mawili: kazi au uso.

Alipoaga aliomba jambo moja. Katika kipindi chake cha mwisho, Magamba avue magamba yake na uso wa mwigizaji uonekane, japo kwa dakika moja.

Ombi hilo ni kwa ajili ya mama yake. Ana miaka themanini na mmoja, macho yake yanafifia, na hospitali imesema haina la kufanya. Hajawahi kuamini kwamba yule wa kwenye televisheni ni mwanawe.

"Huyo ni mjusi," humwambia. "Mimi sikuzaa mjusi. Niambie tu kazi unayofanya, baba, sitakugombeza."

Mwongozaji alikubali kwa sharti. Saa saba mchana mafundi wanaanza kubomoa chombo cha kuigizia ili wajenge kipya, kwa hiyo tukio liwe limekamilika kabla ya hapo. Likishindikana, Magamba ataonekana mgongo tu akiondoka.

Kuvua magamba kunarekodiwa mara moja, bila kosa. Kinachofuata ndicho kigumu: kumuaga naibu wake kwa uso mtupu.

"Simamisha," mwongozaji anasema. "Mzee, unatisha kuliko ulipokuwa mjusi."

Watu wanacheka, naye anacheka. Chini ya mpira tabasamu la kawaida halionekani. Lazima uvute mashavu kwa nguvu zote ndipo kamera ipate kitu. Miaka kumi na mitatu amefanya hivyo. Sasa mpira haupo, lakini uso bado unavuta. Nyusi zinaruka, mdomo unapanuka, huzuni inageuka kichekesho.

Mara ya tano hakuna anayecheka. Mara ya sita mafundi wamesimama mlangoni na nyundo zao. Ni saa saba kasoro dakika kumi.

Mpambaji anamwendea na taulo, anamfuta jasho taratibu.

"Kaka, usifanye kitu," anamnong'oneza. "Mwangalie tu kama unavyoniangalia mimi nikimaliza kukubandua."

Mara ya saba uso unatulia.

"Nimekaa nanyi vya kutosha," anamwambia naibu. "Chombo ni chenu sasa."

"Tumepata," mwongozaji anasema, na anawaashiria mafundi wasubiri mzee atoke kwanza.

Katika chumba cha kupambia, mwigizaji anajipaka marhamu kwenye mashavu yaliyobabuka. Kipindi kitarushwa baada ya wiki tatu.

"Wiki tatu ni nyingi kwa macho ya mama," anasema. "Juzi aliniamkia akidhani mimi ni jirani."

Amekwisha kupanga Jumamosi hiyo itakavyokuwa. Atasogeza kiti cha mama hadi karibu kabisa na televisheni, kisha atakaa chini, miguuni pake.

"Akinitambua mle ndani, nitashukuru. Asiponitambua, nitachukua mikono yake niiweke usoni kwangu, nimwambie, 'Mama, wanachokiona watu sasa hivi ni hiki.'"