Jumuiya Iliyoniacha Katikati ya Rozari

Leo nimefumbua macho katikati ya rozari, nikajikuta peke yangu.

Jumuiya ilikuwa inasali kwangu, hapa Bariadi. Uani nimeanika pamba yangu yote. Mnunuzi anakuja kesho, na iliyolowa haichukui.

Wingu likatanda ghafla.

Nikafumba macho, nikapaza sauti: Bwana, zuia mvua!

Kufumbua, sebule tupu. Nikajua wamekimbilia kwao. Roho iliniuma jamani.

Natoka nje, wote wako uani wanazoa pamba kwa khanga!

Mwenyekiti wetu ananifokea, "Umeshasali mama, sasa shika turubai!"

Mvua yenyewe? Hata tone 😂

Tumemalizia rozari sebuleni tumekalia pamba. Mwanajumuiya mwenzetu, Bibi Kabula, kalala juu yake fofofo.

Nimwamshe, au nimwache mpaka gari la mnunuzi lifike?