Dawa ya Maji ya Bomba

Nilikwenda kuutazama mtambo wa maji kwa ajili ya dada yangu Zuhura. Alikuwa ameolewa, bado hajashika mimba, na Mama alimkataza maji ya bomba. Mtaani kwetu Ujiji ilisemwa kuwa serikali inayatia dawa ya kufunga uzazi, tupungue, tuwe rahisi kuhamishiwa vijijini. Zuhura akanywa ya ziwani, akaharisha hadi akabaki mifupa, akarudishwa kwetu kuuguzwa.

"Kaangalie kwa macho yako," Mama aliniambia. "Wasikudanganye."

Asubuhi ya ziara ya shule lori lilituchukua, darasa zima, kupitia Mwanga hadi Bangwe. Wenzangu waliimba njia nzima. Mimi nilikuwa nikitunga maswali.

Mtamboni tulipokewa na msimamizi, Ndugu Ntibashima, Mha mcheshi. "Mwakeye!" alitusalimu. Akatuonyesha pampu inayovuta maji ziwani, tangi yanamotiwa shabu, ile ile ya kinyozi, ili tope lizame, kisha mchanga wa kuyachuja. Yote hayo niliyaamini. Halafu akafunua pipa la unga mweupe, harufu ikatupiga puani.

"Dawa yenyewe hii."

"Ya nini?" niliuliza.

"Ya kuua."

"Kuua nini?"

"Wadudu."

"Mbona siwaoni?"

"Hata mimi siwaoni."

Jibu hilo lilinichefua. Hapo nikaona mtungi wake pembeni, nikasema moyoni, nimemkamata.

"Na haya unayokunywa mwenyewe, Ndugu, umeyateka wapi?"

"Bombani. Yakilala mtungini harufu inaisha. Mke wangu anakunywa hayo hayo, na tumbo lake sasa limefika hapa." Akalipima kwa mikono, wasichana wakacheka. Nikaomba kikombe. Yalikuwa maji tu.

Jioni Mama alinisubiri barazani, na majirani wawili.

"Dawa umeiona?"

"Nimeiona."

"Ya nini?"

Nilikuwa nimejipanga vizuri, lakini neno lilinitoka kama nilivyolisikia: "Ya kuua."

"Si nilisema!" Mama alipiga makofi. Nikaanza habari za wadudu, nani anisikilize? Nilijifunza siku hiyo kuwa kuona ni kazi nyepesi, kazi ni kusimulia.

Zuhura alitoka ndani akishika ukuta, akaenda bombani, akajaza kikombe, akanywa chote mbele yao.

"Kama inaua," alisema, "ianze na hiki kinachonikata tumbo."

Kuhara kulikoma. Majirani hawakulisema hilo hata mara moja. Kila akipita, walimtazama tumbo.