Zamu ya Petta

Baba yangu na kaka yake waliuza ng'ombe walioachiwa na babu wakanunua gari moja, stesheni wagoni nyeupe ya gia za oto, zinazojipandisha zenyewe. Walikubaliana kulitumia kwa zamu: baba huku Busia ya Uganda, mpakani na Kenya, baba mkubwa kule Petta, upande wa Tororo. Zamu ya Busia ikaanza, na haikuisha. Baba hakukosa sababu. Mara abiria wa mpakani ni wengi, mara tairi limechoka, mara mvua imeharibu barabara ya Petta. Baba mkubwa alipochoka kusikia sababu akamwambia asikanyage tena kwake bila gari lao. Baba naye, kwa kiburi chake, akajibu kwamba sawa.

Miaka ikapita hivyo. Mimi ndiye niliyekwenda Petta kwa harusi na misiba, nikarudi na gunia la viazi, na kila mmoja aliniuliza habari za mwenzake huku akijifanya anauliza habari za mvua. Watu wazima, wana wajukuu, na wamenuniana kama watoto waliogombania kiti. Nilikuwa nikiwacheka. Sasa sicheki.

Baba mkubwa aliugua ini, na hospitali ikamrudisha nyumbani. Mkewe alinipigia simu nikiwa sokoni, mitumba yangu nimeitandaza.

"Mwambie baba yako alete ile gari," alisema. "Mzee anataka kukaa ndani yake tu, hata kidogo."

Nilimpelekea baba ujumbe ule. Akasema tutaondoka asubuhi. Gari lilikuwa limetoka gereji siku ileile. Lilikuwa limechemsha maji mpaka kichwa cha injini kikapasuka, na fundi wetu wa upande wa Uganda alikuwa amevuka kwenda Kenya akaleta kichwa kingine kilichotumika, akakifunga. Injini ilinguruma vizuri, tukamsifu.

Kesho yake hatukuvuka hata Dabani, hapo jirani. Mimi ndiye niliyekuwa nikiendesha. Gari lilikataa kupanda gia, likabaki kupiga kelele kama linapanda mlima ilhali barabara ni tambarare. Lilipopata moto likageuza ugonjwa: gia inapanda mapema, kisha inateleza, nakanyaga mafuta na injini inalia, lakini gari haliendi. Tuligeuza tukarudi polepole, baiskeli zikitupita.

"Injini iko sawa, mama," fundi alisema. "Sikia vile inalia. Hapo ni giaboksi imekufa."

"Siku lilipoingia kwako gia zilikuwa nzima," nikamwambia. "Zimekufaje zikiwa zimelala?"

Akacheka. Mambo ya gari, alisema. Akamwaga oili ya giaboksi akatia mpya. Gari likafanya vilevile. Akatia oili ya aina nyingine, akabadilisha hata chujio, vilevile. Siku zikaenda. Kutoka Petta simu zilikuja: leo amekunywa uji, leo amekataa uji, leo ameuliza tena.

Nilimsihi baba tupande teksi. Nilimsihi kwa upole, kisha nikapandisha sauti, jambo ambalo binti wa kwetu hafanyi kwa baba yake.

"Anakusubiri wewe, baba, hasubiri mabati!"

"Hukusikia alivyosema?" akanijibu. "Alisema gari. Hakunitaja mimi. Niende mikono mitupu tena?"

Alisema hivyo kwa sauti ndogo, ya mtu aliyeadhibiwa. Nilimhurumia na nilimkasirikia, yote mawili kwa wakati mmoja.

Nikalichukua gari mwenyewe nikavuka mpaka likinung'unika hadi gereji moja ya upande wa Kenya. Fundi wa pale alikuwa mama mnene, ovaroli lake limeloa oili. Hakuuliza lolote kuhusu giaboksi. Alinisikiliza, akafungua boneti, akafuata kebo moja nyembamba kwa kidole mpaka mwisho wake.

"Madam, hii kebo ndio huambia giaboksi vile umekanyaga mafuta," alisema. "Sasa ona imeshikwa na nini."

Ilikuwa imefungwa kwa kipande cha mpira wa tyubu, ule ule tunaofungia kuni kwenye baiskeli.

"Hii kichwa ilitoka kwa gari ya manual, ya gia za mkono, na vitu zake zote za juu. Haina mahali ya kushika kebo, ndio akafunga na mpira. Ikiwa baridi inavuta sana, ikipata moto inalegea. Giaboksi nayo inachanganyikiwa."

Nikamuuliza kama giaboksi imekufa.

"Bado. Lakini mlikuwa mnaiua."

Alitafuta kishikio cha kebo cha gari la oto kwenye rundo lake la vyuma, akakifunga, akaipachika kebo na kuipima kwa jicho na kidole. Alimaliza hata jua la alasiri halijapoa. Nililiendesha kurudi Uganda, gia zikipanda bila mimi kuzisikia, na nililia njia nzima kwa hasira. Siku zote zile, kwa kipande cha tyubu.

Asubuhi yake baba alivaa suti. Tulipita Dabani, tukaona mwamba wa Tororo, tukaingia barabara ya vumbi. Alikuwa akijisemea chinichini, anapanga maneno ya kumwambia kaka yake. Kisha tukaona turubai limefungwa uani na watu wamejaa chini yake, na maneno yake yakakatika.

"Endesha," alisema. "Usisimame hapa."

Niliingiza gari mpaka uani, na mama mkubwa alitujia dirishani. "Alfajiri," alisema. "Kila gari ikipita barabarani, alikuwa anauliza, hiyo ni yetu?"

Baba hakuweza kushuka. Mama mkubwa aliingia ndani, akatoka na koti la mumewe na kofia yake. Akamwambia baba ahamie nyuma. Akaliweka koti kwenye kiti cha mbele, kofia juu yake, akavuta mkanda akaufunga.

"Mzungushe," akaniambia.

Mzee mmoja wa ukoo alinung'unika kwamba jambo hili halijawahi kufanyika. Niliendesha hadi njia panda ya shule na kurudi, watu wakisimama kando. Gia zilipanda na kushuka kwa ulaini ambao uliniuma, kwani nilitamani ligome hata kidogo, nipate la kulaumu. Baba aliinama kutoka nyuma akaweka mkono juu ya bega la koti.

"Kaka," alisema, "zamu yako."

Akalia kwa sauti, mtu mzima yule, na sikugeuka.

Tulipokwisha kumzika, baba alitia ufunguo mfukoni mwa lile koti, akamkabidhi mama mkubwa, nasi tukarudi Busia kwa teksi.