Msumari Niliousogeza

Mninga ukipasuliwa kwa msumeno wa mkono hunukia kidogo tu, harufu ya kabati jipya. Lakini ukichimbwa na jino la mashine linalozunguka kwa kasi, ubao huungua pembeni na harufu yake huwa nzito na tamu, kama sukari iliyosahauliwa kikaangoni, nayo hukaa kooni mpaka jioni. Msimu ule, Kibiti nzima ilinukia mabibo. Wanawake walirudi kutoka mikoroshoni vidole vikiwa vimebabuka kwa utomvu, na nzi walikuwa wengi kuliko watu. Hata hivyo, mimi nikikumbuka mwaka nilipokuwa darasa la sita, mabibo huja baadaye. Kwanza huja ule mninga ulioungua, na mara moja huwa kama mtu aliyeitwa mbele ya darasa bila kujua swali.

Nilikuwa nikiishi kwa Mjomba Shamte, kaka yake mama, aliyenichukua kutoka Mbwera kule deltani ili nisome. Alikuwa fundi seremala. Karakana yake ilikuwa banda la makuti kando ya barabara ya kusini, na milango yake ilikuwa inajulikana mpaka Nyamwage. Kisha akapatwa na homa kubwa iliyomlaza muda mrefu. Alipoinuka, mkono wake wa kulia ulikuwa unatetemeka. Haukutetemeka sana, kikombe cha chai kilifika mdomoni, ila kilifika kikiwa pungufu. Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa jambo dogo. Kwa seremala lilikuwa habari ya mji mzima. Watu waliokuwa wakimwachia mbao bila kuuliza chochote wakaanza kusimama karakanani mpaka kazi imalizike, wakiutazama mkono badala ya ubao. Bwana Ngwele, mjumbe wa kamati ya madrasa yetu na mtu asiyeweza kupita mahali bila kuacha neno, aliwahi kusema mbele ya wateja, "Mpeni fundi chekecheke ashike tu, unga utajichekecha wenyewe." Mjomba akajibu bila kuinua uso, "Leta huo unga, Ngwele. Lakini nyumbani kwako hata pumba sijaziona." Watu walicheka, naye alicheka. Mimi niliyekuwa nikiokota maranda niliuona mkono wake ukitafuta mfuko wa suruali.

Ndiyo miaka ile milango ya biashara ilipofunguliwa, na vitu tulivyozoea kuvisikia tu vikaanza kuja hadi kwetu: redio kaseti, jenereta ndogo, nguo za mitumba zenye majina ya watu wa mbali. Miongoni mwa vitu hivyo ilikuja mashine iliyotumika ambayo mafundi waliiita ruta. Mjomba aliipata Dar es Salaam kwa kubadilishana na kitanda na meza. Ilikuwa na vishikio viwili kama masikio ya sufuria, na jino la chuma lililotokeza chini. Kuishika mkono mtupu na kukata mviringo hakuwezekani hata kwa mwenye mikono ya jiwe. Kwa hiyo Mjomba aliifungia mkono wa pili, ubapa wa plaiwudi wenye urefu wa dhiraa moja, uliotobolewa vitundu kwa mstari. Katikati ya duara alilotaka alipigilia msumari uliokatwa kichwa. Kitundu kimoja cha ule ubapa kilivishwa kwenye msumari, na mashine ikabaki haina pa kwenda ila kuuzunguka, kama mbuzi aliyefungwa kamba. Mkono ungeweza kutetemeka upendavyo. Msumari haukutetemeka. Siku alipokata duara la kwanza kwenye kipande kibovu, alipitisha kidole gumba ukingoni, akauzunguka wote mpaka akarudi alipoanzia, kisha akaniambia, "Hawa, njoo uguse." Niligusa. Palikuwa laini kama mdomo wa bakuli. Sijawahi kumwona mtu mzima akiwa na furaha ya namna ile bila kucheka.

Maulidi yalikuwa yanakaribia. Kila mwaka madrasa ilikodi vyombo vya ukumbi wa dansi, na kila mwaka wazee walinung'unika kwamba kaswida zinatokea mdomo uleule uliotoa dansi juzi. Safari hii walikuwa wamenunua spika zao na jenereta, wakabakiza maboksi ya kuzitia. Maalim Athumani, mwalimu wangu wa Kurani, ndiye aliyempigania Mjomba kwenye kamati. Ngwele alitaka kazi ipelekwe Dar. Maalim akasema Shamte apewe, na kamati itahudhuria siku ya kukata matundu, ijionee. Mjomba alijua maana yake. Alitumia majuma matatu kuunganisha mbao za mninga mpaka akapata mbao mbili pana za uso wa maboksi, akazipiga msasa hadi zikang'aa. Akaniambia, "Siku hiyo ikipita salama, hakuna atakayenitazama mkono tena." Aliniambia mimi, mtoto, kwa kuwa nilikuwa nimekaa karibu. Au kwa kuwa aliniamini. Nimeligeuza jambo hili mara nyingi mno na bado sijui ni lipi linaloniumiza zaidi.

Siku yenyewe, kabla ya adhuhuri, Mjomba alizipima zile mbao mbili, akapigilia msumari katika kila mmoja, kisha akaenda kuswali ili arudi na kamati na jenereta yao. Mimi nilibaki kulinda. Nilikuwa na mkebe wa hesabu, wa kwanza katika maisha yangu, na juma lile mwalimu alikuwa ametufundisha kutafuta katikati ya mstatili kwa kuchora milalo miwili. Nikachora kwenye ubao wa kwanza, kwa mchezo tu. Milalo ilikutana vidole viwili juu ya msumari wa Mjomba. Nikapima upya. Nikachora tena. Msumari haukuwa katikati.

Nilijua, bila shaka yoyote, kwamba mkono ulikuwa umemtoroka wakati wa kupigilia, na kwamba baada ya muda mfupi Ngwele angesimama hapo na kuona. Kuuliza si ujinga, na msikiti ulikuwa mwendo wa dakika tano. Sikwenda kuuliza. Nilichukua koleo, nikaung'oa msumari, nikaupigilia pale milalo ilipokutana. Tundu la zamani nililijaza kwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi, nikasugua kwa kidole mpaka likapotea. Nikafuta mistari ya penseli. Nilipotaka kuanza ubao wa pili, nikasikia sauti zao barabarani. Nikakaa juu ya maranda, mikono mapajani. Nilijiona mwokozi.

Jenereta iliwashwa. Mjomba aliuweka ubao wa kwanza mezani, akavisha ule ubapa kwenye msumari bila kuutazama, maana macho yake yalikuwa kwenye jino, na macho ya kamati yalikuwa kwenye mkono. Alikata kama alivyokuwa amejifunza, kwa kushusha jino kidogo kidogo: mzunguko wa kwanza wa kuchora, wa pili wa kuchimba, wa tatu wa kumaliza. Unga mwekundu ulitanda mpaka kofia ya Maalim ikabadilika rangi. Duara lilipoachana na ubao, hata Ngwele alisema, "Mashallah." Mjomba akakata ubao wa pili. Mashine ikazimwa, na katika ule ukimya wa ghafla ambao huyafanya masikio yavume, zile mbao mbili zikasimamishwa ukutani, moja kando ya nyingine.

Tundu la kushoto lilikuwa juu kuliko la kulia. Yalitazama kama macho ya mtu mwenye kengeza.

Maalim alitoa kwenye katoni spika mbili ndogo, zile za sauti nyembamba, ambazo mimi sikuwa nimeziona wala kuzisikia. Hizo ndizo zilizotakiwa kukaa juu ya zile kubwa. Kwenye ubao wa pili nafasi ilitosha vizuri, kwa sababu Mjomba alikuwa ameshusha msumari kwa makusudi. Kwenye ubao wa kwanza, ule wangu, spika ndogo ilining'inia nusu nje. "Fundi," alisema Maalim taratibu, "vipimo si vimoja?" Mjomba alikuwa ameshika lile duara lililotoka kwenye ubao wa kwanza. Aliligeuza, akalitazama kwa muda. Kisha akaliweka juu ya gogo, akalikalia. "Ni mkono, Maalim," alisema. "Ulinihadaa wakati wa kupigilia msumari. Nisameheni." Ngwele, ambaye nilitegemea aseme neno, aliinama akakung'uta unga wa mbao kwenye viatu. Mimi nilidhani Mjomba amekaa kwa kuchoka.

Mninga wa kuunganisha upya haukuwapo, wala muda. Mwaka ule nilivaa kanzu nyeupe na mtandio wa kijani, nikaimba kaswida katika vyombo vya ukumbi wa dansi, na niliposikia sauti yangu ikitoka humo nilitamani koo lifunge. Alasiri moja kabla ya hapo, Mjomba alinikuta nikifagia karakana, akaniuliza, "Hawa, una neno la kuniambia?" Nikasema, "Sina, Mjomba." Akasema, "Haya." Basi. Wateja walipungua mmoja mmoja, kwa adabu, wakimwambia kwamba wameahirisha. Mvua za vuli zilipoanza aliiuza mashine, akanihamishia kwa rafiki wa mama nimalizie shule, naye akarudi Mbwera kulima mpunga.

Mtu akidhani mtoto husahau, hajawahi kuwa mtoto mwenye siri. Nilifaulu, nikaendelea, nikafika chuo kikuu, na kote huko nilikuwa yule anayerudia hesabu mara nne na kuomba radhi kabla hajakosea. Wenzangu waliita hiyo bidii. Nilijifariji kwa jambo moja la aibu: kwamba Mjomba hakujua, na kwamba ukweli ungemsumbua bure. Deltani nilikwenda mara chache, tena kwa haraka, boti ya asubuhi na boti ya kesho yake. Mwaka huu nilipohitimu na kukosa kazi, nilikwenda nikakaa.

Kwa Bibi, mama yake Mjomba, mtungi wa maji uko pembeni mwa mlango wa jikoni, juu ya mafiga matatu. Nilimkuta Mjomba hapo, mvi zimemjaa, akanichotea maji baada ya kuitikia shikamoo yangu. Aliponipa kata, nilishika kifuniko alichokuwa amekiinua. Kilikuwa cha mninga, mviringo kamili, chenye kitundu kilichopitishwa kamba ya kuinulia. Vidole viwili pembeni ya kitundu hicho, pale nilipojaza unga na gundi, palikuwa na kijiti cha mpingo, cheusi, kilichochongwa na kugongwa humo kwa ustadi hata ukucha usipate pa kukwama. Kilikuwa kimelainika pamoja na ubao wenyewe. Kilikuwa cha siku nyingi. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye ni kata. Hii yangu hata kifuniko kilikuwa kinaijua, na kilikuwa kimekaa wazi mlangoni miaka yote hiyo.

"Gundi yako ilidondoka njiani, ndani ya boti," alisema Mjomba. "Nikaona nizibe, wadudu wasiingie kwenye maji ya mama."

"Ulijua tangu siku ile?"

"Lile duara nililikalia bure, basi?" Alicheka kidogo. "Nilikungoja, Hawa. Siku ya kwanza, ya pili. Nikasema, anaogopa fimbo, Ijumaa atasema. Ijumaa ikapita. Mtoto alicheza na msumari, makosa ya mtoto. Ningekwenda kwa Maalim mimi mwenyewe kumweleza, ila nilitaka uje wewe kwanza."

Ningeweza kunyamaza hapo. Alikuwa amenipa mlango wa kutokea, kama alivyonipa miaka ile: mtoto alicheza. Mtoto wa darasa la sita angeupita. Lakini mimi sasa nina cheti ndani ya bahasha, na ndani ya mkoba barua tatu za maombi ya kazi ambazo nimezipima na kuzipima upya, na nimejua kwamba kupima kote huko hakunisaidii kitu ikiwa sithubutu kumwuliza mwenye kazi. Nikamwambia sikucheza. Nikamweleza milalo, penseli, koleo. Nikamwambia niliona msumari hauko katikati nikaamini ni mkono wake.

Aliutazama mkono wa kulia, kama mtu anayemtazama mgeni aliyekaa sana.

"Kumbe hata wewe," alisema.

Akanipokea kifuniko polepole, akakirudisha. Kiligonga mdomo wa mtungi mara tatu, mara nne, kikitafuta mahali pake. Sikunyoosha mkono kumsaidia. Nilingoja, mpaka kikakaa.