Chumvi ya Kuua Betri

Miaka ile vita vilipofunga barabara ya Sange, mafuta ya taa yaliadimika na wavuvi wetu wakahamia kwenye taa za betri za kuvulia usiku. Mimi nilikuwa fundi wao hapa Mulongwe, kando ya ziwa. Nilifungua betri za lithiamu zilizochoka, za simu na za kompyuta, nikachagua vipande vyenye uhai na kuwaundia nyingine. Watu walisema naokoa mali na ziwa pia. Sifa hizo nilizipenda, sitadanganya.

Vipande vilivyokufa kabisa hakuna aliyevitaka. Mnunuzi wa vyuma chakavu alichukua betri za magari tu. Hizi zangu, alisema, zingemchomea lori. Kuzitupa mtoni nilikataa, maana mto unaingia ziwani na maji ya ziwa ndiyo tunayokunywa. Basi nilikuwa naziloweka siku kadhaa kwenye maji ya chumvi, chaji iliyobaki iishe zisije zikawaka, kisha nazifungia kwenye pipa. Majirani walisonya: wao wanakula sombe, majani ya muhogo, bila chumvi, mimi nazinywesha betri. Niliwajibu kwa jeuri kwamba mtaa ukiungua hakuna atakayeuliza chumvi. Maji yale machafu niliyamwaga nyuma ya ua, nikaona kazi imekwisha.

Nyuma ya ua alikuwa amefikia mama mzee aliyekimbia mapigano ya Bijombo, kule milimani, na ng'ombe mmoja na mjukuu aliyefiwa na mama. Mtoto aliishi kwa maziwa ya ng'ombe huyo. Asubuhi moja nilimkuta ng'ombe akilamba udongo wangu, na mama anatabasamu.

"Mungu akubariki, binti yangu. Miye nilikuwa natafuta chumvi ya ng'ombe, kumbe iko kwako. Wiki nzima iko analamba."

Nilipiga kelele. Mtu wa ziwani mimi, kwamba ng'ombe hufuata chumvi hakukuwahi kunijia akilini.

Daktari wa mifugo alisema hana cha kupimia sumu iliyotoka kwenye betri. Maziwa yasinywewe mwezi mzima. Kwa mama yule kumwaga maziwa ni mwiko. Nilimwona akikamua, akiyamwaga shimoni huku machozi yanamtoka, na nilijichukia.

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini udongo unazoleka. Niliuchimba wote kwa jembe, nikaufunga kwenye magunia. Chumvi niliiacha. Kila kipande nilikiunga kwenye balbu ndogo ya tochi kiishiwe chaji polepole, na kazi ikawa ndefu mara tano. Wavuvi walichoka kusubiri, wakahamia kwa fundi mwingine anayetupa mtoni. Waende! Kila asubuhi, kabla sijagusa betri, nilimpikia mtoto uji wa soya.

Mwezi ulipoisha, daktari alisema labda maziwa sasa ni salama. Labda! Mama alikamua, akamwinamia mjukuu na kikombe. Nikakishika.

"Mama, nipe mimi kwanza."

"Weye? Na kama iko mubaya?"

"Basi ubaya uanzie kwangu."

Nilikunywa mpaka tone la mwisho, nikakaa mbele yake anitazame. Kesho yake nilikunywa tena, na keshokutwa yake. Siku ya nne nilinyoosha mkono kama kawaida. Mama alinipita na kikombe, akampa mjukuu, nami nikabaki nikilitazama koo la mtoto likipanda na kushuka.